Jibu: Nyasi zinaota, mbona uzito unapungua?

Habari ndugu. Umesema ulikata sampuli za nyasi kwenye nyanda za Serengeti mvua zilipoanza, ukakata tena baada ya mwezi, na uzito ukashuka. Unauliza kaboni imeenda wapi.

Angalia kwanza kama eneo lilikuwa wazi, bila uzio wa kuzuia wanyama. Kama lilikuwa wazi, umepima masalia ya nyumbu, hukupima ukuaji. Wako zaidi ya milioni moja, na msimu wa mvua hujazana nyanda hizohizo.

Weka vizimba vya waya, mita 1 kwa 1. Uzito wa ndani mwishoni, toa uzito wa nje wa mwanzo: huo ndio uzalishaji. Ndani toa nje, siku ileile ya mwisho: hicho kimeliwa. Hamisha kizimba kila baada ya wiki 4 hivi. Hapa wengi huharibu: kikikaa palepale msimu mzima, nyasi hurefuka, zinatiana kivuli, hazifanani tena na zinazoliwa nje.

Kausha kwa nyuzi 65, saa 48, hadi uzito usibadilike. Gramu 200 kavu zina kaboni gramu 90 hivi na nishati kama kilojuli 3,400. Kaboni iliyoliwa, sehemu kubwa hurudi hewani kwa pumzi, kidogo kama gesi ya methani. Nyingine huangukia kwenye samadi.

Mizizi ipime peke yake. Na udongo wa kule wa majivu ya volkano, udondoshee asidi kwanza kabla ya kupima kaboni yake. Ukitoa povu una kabonati (kaboni ya madini, si ya mimea), ambayo itakuzidishia kaboni ya mimea isiyokuwepo.