Darasa zima na kupatwa kwa jua: je, karai la maji linatosha?

SWALI: Daktari, nafundisha Gredi ya 4 karibu na Ahero na darasa langu lina watoto 58. Nimesikia jua litapatwa tena Agosti 2027. Lile la Novemba 2013 nililitazama nyumbani nikiwa mwanafunzi wa msingi, kwa karai la maji, na binamu zangu wakatumia filamu ya eksirei. Hakuna aliyepofuka. Miwani maalumu ya watoto wote hatuwezi kuimudu. Je, karai linafaa? Na kioo cha fundi wa welding? Mwalimu, Kaunti ya Kisumu.

JIBU: Mwalimu, nianze na karai, maana ndilo ninaloulizwa zaidi. Jua likiwa juu, maji yaliyotulia hurudisha takriban asilimia 2 ya mwanga wake. Utasema ni kidogo. Lakini miwani iliyotimiza kiwango cha kimataifa cha ISO 12312-2 hairuhusiwi kupitisha zaidi ya asilimia 0.0032. Ukipiga hesabu, karai linampa mtoto mwanga zaidi ya mara 600 ya kiwango hicho. Kutia wino au majivu hakusaidii kitu, kwa sababu mwanga huo unarudi kutoka usoni mwa maji bila hata kuingia ndani.

Tena 2013 si kipimo kizuri. Siku hiyo jua lilipatwa jioni, likielekea kuzama, makali yake yamekwisha kupungua. Tarehe 2 Agosti 2027, siku ya Jumatatu, litapatwa mchana, likiwa karibu na utosi. Kule Luxor, Misri, litafunikwa lote. Kwetu mwezi utalimega sehemu tu, kwa hiyo hakutakuwa na hata sekunde moja ya kulitazama kwa macho matupu. Wala kusitegemewe giza. Kuku hawatapanda kulala. Asiyeambiwa huenda asijue kuna jambo.

Kuhusu “hakuna aliyepofuka”: jua mara nyingi haliui jicho zima. Linaunguza kijisehemu kidogo katikati ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, pale tunapotumia kusoma. Mtoto ataendelea kutembea na kucheza mpira, ila herufi anayoikazia macho ubaoni ndiyo inayopotea. Retina haina mishipa ya kuhisi maumivu, kwa hiyo hatalia wala kufumba macho kwa uchungu, na dalili huja saa kadhaa baadaye. Watoto wako hatarini kuliko sisi kwa kuwa lenzi zao bado ni safi na hupitisha mwanga mwingi zaidi hadi nyuma ya jicho.

Eksirei, kioo kilichopakwa masizi, sidii na miwani ya jua ya kawaida, hata ukivaa tatu pamoja: hapana. Kioo cha welding kinafaa kikiwa namba 14 (namba ikipanda, kioo ni cheusi zaidi), na namba iwe imeandikwa juu yake. Vingi utakavyovikuta kwa mafundi ni namba 10 au 11, na fundi mwenyewe wakati mwingine anachomea na miwani ya mtumba. Usiazime.

Kwa watoto 58 mimi nisingehangaika na miwani kabisa. Ningewageuza wote walipe jua mgongo. Tafuta kioo kidogo cha kujitazamia, kifunike kwa karatasi nzito iliyotobolewa tundu la ukubwa wa kifungo cha shati. Kiweke juani nje ya darasa, kwenye stuli, kikiegemea tofali, kisha kielekeze mpaka nuru ipite mlangoni na kugonga ukuta wa mbali. Funika madirisha kwa leso au mablanketi. Umbali wa mita 10 kutoka kioo hadi ukutani utakupa duara la jua la sentimita 9 hivi, na mwezi ukianza kuingia, duara hilo litaonekana limemegwa ukingoni. Bandika karatasi nyeupe hapo, watoto waichore kila baada ya dakika 10. Jua linasogea, kwa hiyo mtu mzima akae na kioo akirekebisha, na pasiwe na mtoto anayekichungulia. Lifanye zoezi hili hata kesho, jua likiwaka. Utapata duara kamili, na siku yenyewe hutababaika.

Wakitoka nje, waonyeshe kivuli cha mwembe. Mianya kati ya majani hufanya kazi ya matundu, na vile vidoa vya nuru chini vitakuwa vimemegwa vyote kwa pamoja. Chujio la chai likishikwa juu ya daftari hufanya vivyo hivyo. Wingu jembamba kutoka ziwani lisikudanganye. Linapunguza mng’ao tu.

Ukipata miwani michache halali, iwe kwa zamu, mtu mzima mmoja kwa mtoto mmoja: mtoto anainama, anavaa, ndipo anatazama juu, anainama tena kabla ya kuvua. Yenye mkwaruzo au tundu itupe. Kamwe isivaliwe huku mtu akitazama kwa darubini, maana lenzi zitaichoma pamoja na jicho.

Wazazi wengine watataka kuwafungia watoto ndani. Waambie jua la siku hiyo ni lilelile la kila siku, halina miale mipya. Kilichoongezeka ni hamu ya kulikodolea macho.

Kesho yake wapime kwa daftari la hesabu lenye miraba. Weka nukta katikati ya ukurasa, mtoto azibe jicho moja, aikazie nukta, kisha abadilishe jicho. Muulize: kuna miraba iliyopotea? Mistari imepinda? Kuna doa? Akijibu ndiyo, asitiwe maziwa ya mama wala matone ya dukani. Hakuna dawa iliyothibitishwa ya jeraha hili. Wengi hupata nafuu kwa wiki au miezi, wengine hubaki na doa. Apelekwe kliniki ya macho siku hiyohiyo, na mtakapofika semeni wazi kwamba alitazama jua, kwa muda gani na kwa kutumia nini.