Mshipa, neva na msuli: je, ni kitu kimoja?

SWALI: Mama yangu kope zinamshuka kila ikifika jioni, na akila nyama taya linachoka kabla hajamaliza. Daktari ametuambia ni miasthenia gravisi, kwamba tatizo liko kwenye "makutano ya neva na misuli". Shangazi anasema mishipa imelegea. Nani yuko sahihi?

JIBU: Pole kwa kuuguza, dada. Shangazi hajakosea Kiswahili, ila mshipa ni neno lililobebeshwa mengi. Damu hupita kwenye mshipa, taarifa za mwili hupita kwenye mshipa, na wapo wanaoita hata ngiri mshipa. Ndiyo maana tunaongeza neno la pili: mshipa wa damu, mshipa wa fahamu. Neva ni huo wa fahamu. Msuli ni nyama inayokaza na kulegea, ile vijana wanayoitunisha.

Neno linalonisumbua ni "makutano". Ukilisikia utadhani neva na msuli vimegusana, kumbe havigusani. Katikati pana upenyo wa takriban nanomita 50, mwembamba kuliko unywele zaidi ya mara elfu. Mimi ningependa tupaite kivuko. Pale Likoni au Kigamboni barabara inakomea majini, na safari inaendelea kwa chombo kingine. Ndivyo ilivyo hapa: amri ikifika mwisho wa neva, neva inamwaga kemikali iitwayo asetilikolini, nayo inavuka na kunasa kwenye vipokezi vya msuli. Msuli unakaza. Papo hapo kimeng'enya kinaivunjavunja kemikali hiyo, msuli ukapata kulegea.

Kwa mama, neva ni nzima na msuli ni mzima. Kingamwili, zilizopaswa kupigana na vijidudu, mara nyingi ndizo zinazovamia vipokezi, yaani gati la ng'ambo. Kemikali inafika, pa kutua hapatoshi. Tena kila msuli unapotumika mfululizo, kiasi kinachomwagwa hupungua kidogo. Mimi na wewe hatuhisi, kwa kuwa vipokezi tunavyo vya kutosha. Yeye ndipo taya linapomgomea katikati ya mlo. Akipumzika, nguvu inarudi.

Mwaka 1934 daktari Mary Walker, huko Greenwich, London, alimpa mgonjwa wa namna hii fisostigmini, dawa inayokizuia kile kimeng'enya, na nguvu ikarudi kwa muda. Pairidostigmini inayotumika leo inafuata njia hiyohiyo.

Sasa kitenzi. "Kulegea" kunakaribia, lakini "kuchoka upesi" ndiko kunakoueleza ugonjwa huu. Usiseme amepooza, maana aliyepooza hapati nafuu kwa kukaa chini nusu saa. Usiseme ganzi pia: ganzi ni kutohisi, na mama anahisi kila kitu. Ukimwambia mhudumu "mishipa imekufa ganzi", utamfanya atafute ugonjwa mwingine kabisa.

Shangazi mwambie hivi: "Misuli ya mama inachoka upesi kwa sababu amri haivuki yote." Na siku ukiona anapaliwa na mate au anakata maneno ili avute hewa, mkimbize hospitali, na ukifika mlangoni usitaje mishipa. Sema: "Anashindwa kumeza. Pumzi haimtoshi."