Jibu: Programu inanirejeshea nyimbo zile zile, mpya nazipata wapi?

Assalaam alaykum ndugu yangu wa Wete. Umesema Spotify inakupigia Bongo Fleva zile zile, na taarab, singeli na jazi mpya zinakufikia zishachakaa.

Kwanza tazama umewafuata wasanii wangapi. Kubonyeza alama ya kuhifadhi wimbo si kumfuata msanii, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Release Radar, orodha ya nyimbo mpya ambayo Spotify hukuandalia, hubadilika kila Ijumaa kwa kutegemea unaowafuata na unaowasikiliza. Usipofuata mtu, itazunguka palepale pa jana. Ijumaa yenyewe ndiyo siku ya kutoa albamu duniani tangu Julai 2015, basi ifungue jioni yake. Bongo Fleva na singeli hazina adabu hiyo, hutoka siku yoyote. Hizo washa kengele ya chaneli ya msanii YouTube.

Pili, fuata lebo, yaani kampuni inayotoa muziki, usimfuate msanii mmoja mmoja tu. Nyege Nyege Tapes ya Kampala imetoa singeli nyingi. Ukiifuata kwenye Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki, ikitoa kitu unapata barua pepe, na barua pepe haimalizi bando.

Taarab ndiyo ngumu. Usiandike "taarab" ukangoja: wengine huandika "tarabu", wengine "taarabu". Tafuta kwa jina la kikundi, mfano Culture Musical Club. Kisha chukua orodha ya wasanii wa Sauti za Busara, tamasha la kila Februari pale Mji Mkongwe, usikilize nyimbo mbili za kila jina geni. Anayekupendeza, mfuate papo hapo.