Mchanga machoni baada ya matone

SWALI: Habari, daktari. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, nina miaka 61. Nina presha ya macho. Natia timololi asubuhi na jioni, na mwaka jana wakaniongezea latanoprosti ya usiku. Presha imeshuka, nashukuru. Ila ikifika alasiri macho yanachoma kama yana mchanga, na tundu la sindano silioni mpaka nipepese mara mbili tatu. Binti yangu anasema nipumzike dawa wiki mbili. Nipumzike?
Mama Z.

JIBU: Shikamoo, mama. Usipumzike. Mshipa wa fahamu wa jicho ukishakufa kwa presha haurudi. Huo mchanga unatibika.

Hapo uliposema unapepesa ndipo unaona, umenirahisishia kazi. Machozi yako yanakatika juu ya konea, kile kioo cha mbele ya jicho, na ukipepesa yanatandaa upya. Mara nyingi kinachoyakata ni kihifadhi kilichomo chupani, benzalkoniamu kloridi. Kinatiwa kuua vijidudu, lakini tabia yake ni ya sabuni: kinatawanya mafuta ya machozi na kuchubua konea vitone vitone. Timololi nayo huweza kuipunguzia konea hisia, basi hupepesi vya kutosha. Na fundi akikazia macho sindano, hupepesa kidogo zaidi! (Miaka yangu ya mwanzo kazini malalamiko kama haya nilikuwa nayajibu “ni umri, mama.” Nilikosea.)

Kliniki waombe wakupime kwa rangi ya manjano na taa ya bluu. Michubuko itang'aa kijani. Ikionekana, uliza kama unaweza kupewa chupa moja yenye dawa zote mbili. Hiyo ni tone moja kwa siku badala ya matatu, na kihifadhi kinapungua. Zipo pia zisizo na kihifadhi, za vichupa vya kutumia mara moja. Bei yake inauma, siwezi kukuficha. Wengine hufaa kupigwa leza, matone yakapungua.

Kwa sasa tia machozi ya dukani yasiyo na kihifadhi, ukiyaachanisha na dawa kwa dakika 5 au zaidi, na feni isikupulize usoni. Jicho likiwa jekundu lenye maumivu makali, au uoni ukishuka ghafla, nenda siku hiyohiyo.

Ukienda, beba chupa zote, hata zilizokwisha.