Taa Kuwaka Siyo Mwisho wa Kazi: Kwa Mnaoanza Umeme wa Majumbani Kwenye Mkondo wa Amali

Kila muhula, bodi za mazoezi zikishapangwa ukutani kusubiri tathmini, kosa ni lile lile. Taa inawaka, soketi ina moto, klipu zimenyooka kama mstari wa daftari. Halafu unafungua boksi la soketi na kukuta waya wa kijani na njano, yaani wa ethi unaopeleka umeme uliovuja ardhini, umekatwa kwa plaizi, umekunjwa na kusukumwa nyuma. Ukiuliza kwa nini, jibu ni moja: "Mwalimu, ulikuwa unabana nafasi." Waliotangulia walijibu hivyo, na wa mwaka huu wamejibu hivyo. Ninaandika haya kwa ninyi mnaoingia karakana sasa, kabla mikono haijazoea vibaya.

Mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi sekondari, ulianza na Kidato cha Kwanza Januari 2024, na wengi wenu mnasoma vijijini, ambako nguzo za REA (Wakala wa Nishati Vijijini) zimefika juzi na mwananchi anaunganishiwa umeme kwa shilingi 27,000. Nyumba mtakazozifunga nyaya ni za kina baba mdogo, za mwenyekiti wa kitongoji, za mama anayeuza soda pale njia panda. Mjini fundi akikosea, mara nyingi yupo fundi mwingine atakayepita na kuliona kosa. Kitongojini unaweza kuwa wa kwanza na wa mwisho kufungua lile boksi kwa miaka kumi.

1. Kumenya waya. Tumia plaizi ya kumenyea. Meno yaacheni kwa ajili ya muwa. Kisu mnakizungusha kuuzunguka waya, na hapo ndipo kinapokwaruza shaba na kuacha pete nyembamba isiyoonekana vizuri. Ukikunja waya na kuubana kwa skrubu, shaba inachoka kwenye pete ile ile. Haikatiki leo mbele ya mwalimu. Inakatika siku mwenye nyumba akisogeza swichi kupaka rangi. Menya milimita 8 hadi 10, kutegemea kina cha tundu: shaba isichungulie nje, na plastiki isiingie chini ya skrubu. Ukishakaza, shika kila waya uuvute. Ukichomoka, mshukuru Mungu kwamba umechomokea mkononi mwako.

Msiudharau mvuto huo mmoja. Muungano uliolegea unaweza kuwa na ukinzani (kizuizi cha umeme kupita, kinachopimwa kwa omu) wa nusu omu tu. Jagi la umeme la wati 2,000 kwenye volti 230 linavuta karibu ampea 8.7. Zidisha 8.7 kwa 8.7, kisha kwa 0.5: unapata wati 38 za joto kwenye skrubu ndogo kama punje ya mahindi, ndani ya boksi la plastiki lisilopitisha hewa. Ndiyo sababu mnaona soketi zimebadilika rangi na kuwa kama chai ya maziwa. Wengi wanalaumu jagi.

2. Swichi inakata laivu (waya unaoleta moto), siyo nyutro (waya unaourudisha). Ukiifunga kwenye nyutro taa itawaka na kuzima vizuri kabisa, kwa hiyo macho hayatakuambia kitu. Lakini holda itabaki na moto hata swichi ikiwa imezimwa, na anayebadilisha balbu amesimama juu ya stuli akiamini amezima. Kuikagua ni rahisi: zima swichi, toa balbu, pima kwenye holda. Na kwa sababu kebo inayoshuka kwenye swichi ina waya wa bluu (au mweusi kwenye nyaya za zamani) unaorudisha laivu juu, uvishe tepu ya kahawia au nyekundu ncha zote mbili. Fundi atakayekuja baadaye hasomi mawazo yako.

3. Saizi. Taa, waya wa milimita mraba 1.5 na sakiti breka (swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi) ya ampea 6 au 10. Soketi, 2.5: breka ya 20 kama ni mstari mmoja, 32 kama ni ringi inayorudi mpaka kwenye mein swichi. Jiko la umeme, 6. Breka ikiruka mara kwa mara, jibu siyo kuweka kubwa zaidi. Breka inalinda waya uliomo ukutani, na waya haukui kwa sababu umebadilisha breka.

4. Ethi. Hapa nitakaa.

Kwanza tukiri sisi walimu, maana kosa hili tumelifuga wenyewe. Kwenye karakana nyingi bodi ya mazoezi haina fimbo yoyote ya ethi, yaani chuma kilichopigwa ardhini. Waya wa ethi unatoka kwenye soketi, unapita kwenye klipu, unaishia kwenye skrubu ya shaba ambayo haijaunganishwa na kitu. Tunatoa alama za unadhifu, za swichi, za taa kuwaka. Kisha tunamwambia mwanafunzi kwamba waya wa tatu ni muhimu, na yeye anaangalia bodi na kuona kwamba ukiwepo taa inawaka, usipokuwepo taa inawaka. Mwanafunzi mwenye akili anajifunza kile anachokiona. Tumemfundisha kwa mdomo kitu kimoja na kwa bodi kitu kingine, halafu tunashangaa akienda field anaukata. Kosa hilo ni letu, na ninalisema bila kulifunika kwa sababu linaweza kumuua mtu asiyejua hata jina la fani yenu.

Sasa tazameni linavyotokea. Friji la soda liko dukani, sakafu ni ya udongo. Ndani ya friji waya wa laivu umesuguana na bati la mwili mpaka plastiki imeisha. Friji linaendelea kugandisha. Hakuna breka iliyoruka, hakuna harufu. Mwili mzima wa friji sasa una volti 230 na unasubiri mtu mwenye miguu iliyolowa aushike mlango.

Wengi wenu mtajibu: "Kama ethi ipo, umeme utakimbilia ardhini na breka itaruka." Hapo ndipo panapohitaji hesabu, maana jibu hilo ni nusu. Chukua fimbo moja ya mita 1.2 iliyopigwa kwenye ardhi kavu ya Singida au Dodoma mwezi wa kumi. Tuseme njia nzima ya kurudi kupitia udongo mpaka kwenye transfoma ina omu 50. Gawanya 230 kwa 50: ampea 4.6. Breka ya ampea 32 haitikisiki kwa ampea 4.6, inaona kama mtu amewasha pasi. Ili breka ya aina B ya ampea 32 iruke papo hapo inahitaji mara tano yake, ampea 160, na hiyo inataka njia yenye omu zisizozidi 1.4. Udongo wa kijijini hautakupa omu 1.4, hata umwagilie.

Kwa hiyo fimbo peke yake haitoshi. Kinachomwokoa mtu ni fimbo pamoja na RCD ya miliampea 30. Kifaa hiki kinalinganisha umeme unaotoka kwenye laivu na unaorudi kwenye nyutro. Tofauti ikifika miliampea 30, kinakata ndani ya sekunde 0.3. Kwa ile njia yetu ya omu 50 zinavuja ampea 4.6, zaidi ya mara 150 ya kinachohitajika. Hata njia ikiwa na omu 200, ampea 1.15 zinatosha kabisa. Friji linakatika lenyewe saa ile ile plastiki ilipoisha, kabla mtu hajagusa mlango. Na ukiwa umeukata ule waya wa kijani na njano? Umeme hauna pa kuvujia, RCD haioni tofauti yoyote, mpaka mtu ashike friji na mwili wake uwe ndiyo waya wa ethi. Pengine itakata hapo na kumwokoa, lakini wewe fundi umemfanya binadamu kuwa kipimo.

Fimbo yenyewe inaharibiwa kwa njia ninazozijua kwa moyo. Inapigwa sentimita 60, inagonga mwamba, na kijana anachukua msumeno wa chuma na kukata iliyobaki ili isionekane. Usikate. Hamia pembeni, au piga ya pili umbali usiopungua urefu wa fimbo, yaani mita 1.2, na mara mbili yake ni bora, kisha uziunganishe. Ukizipanga karibu zinagombania udongo ule ule. Chagua mahali panapobaki na unyevu, kama pale maji ya bafuni yanapotokea. Waya ufungwe kwa klempu ya shaba iliyokazwa, siyo kuviringishwa kwa mkono kama kamba ya mbuzi, na pawe na kishimo chenye kifuniko ili pakaguliwe. Waya wa kuteremka kwenye fimbo usiwe kile kipande cha 1.5 kilichobaki kwenye taa. Chumvi mnayoambiwa mmwage inasombwa na masika mawili na huku inakula klempu. Na ukipima masika ukapata namba nzuri, jua kwamba umepima mvua. Rudi kiangazi.

Jambo lingine mnalolikuta kila nyumba: kijiti cha kiberiti kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie. Tundu hilo ni la ethi, na pini yake imefanywa ndefu makusudi ili iguse kwanza na kufungua vifuniko vya matundu mawili ya chini. Mwenye kijiti amevifungua bila kuwa na ethi. Msimgombeze mama wa watu. Mbadilishieni plagi, ni kazi ya dakika tano.

5. Jiko la nje na banda la kuku. Mjini vyumba vimeshikana. Kwetu jiko liko ng'ambo ya ua, na mteja anataka jagi lichemke kule. Waya wa 1.5 unapoteza milivolti 29 kwa kila ampea kwa kila mita. Kwa mita 60 na ampea 9, zidisha: karibu volti 16 zimeishia njiani, asilimia 7, wakati kikomo cha kawaida kwa matumizi kama hayo ni 5. Waya wa 4 unapoteza milivolti 11, na kwa umbali ule ule unabaki na hasara ya volti 6 hivi. Mweleze mteja kwa hesabu hiyo kabla hajaenda dukani, siyo baada ya kumaliza, maana akishanunua rola la 1.5 hatalirudisha.

6. Waya feki. Kwaruza ncha kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, ni alumini iliyopakwa shaba. Usiufunge.

7. Duka liko mbali. Andika orodha ya vifaa ukiwa umesimama ndani ya nyumba na futi mkononi, chumba kwa chumba, ongeza asilimia 10 ya waya, kisha soma tena ukitafuta vile vidogo: skrubu, konekta, tepu, klipu. Kinachosahaulika ni kidogo na kinakula siku nzima na nauli ya bodaboda kwenda na kurudi.

Yaliyobaki ni ya sentensi moja moja. Klipu zisiachane zaidi ya sentimita 30. Kebo ya darini isilale juu ya bati, na panya wanapenda pale inapogusa ukuta. Zima mein swichi na ufunguo wa boksi ukae mfukoni mwako, siyo kwa mtoto wa mwenye nyumba. Sili ya mita ya LUKU ni ya TANESCO, haikuhusu kwa sababu yoyote. Fanya kazi chini ya fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) mpaka upate yako. Wasichana, msikubali kubaki wa kushika tochi na kuandika orodha. Dai bisibisi mapema, kwa sababu tathmini haitauliza nani alishika tochi.

8. Kupima, na kwa mpangilio huu. Umeme ukiwa haujawashwa: kwanza mwendelezo wa waya wa ethi, yaani kwamba haujakatika popote, kutoka mein swichi mpaka kila soketi. Pili kihami (plastiki inayozuia umeme kuvuja) kwa mega, kipimo chake, ya volti 500, na kabla ya hapo toa balbu zote na chomoa kila kifaa, la sivyo utapata namba mbovu au utaua kifaa cha mtu. Usikubali chini ya megaomu 1. Tatu, laivu ipo kwenye swichi zote na upande wake kwenye soketi. Nne, ukinzani wa fimbo. Ndipo uwashe, na uipime RCD kwa kifaa chake. Kile kitufe cha T kinaonyesha tu kwamba mashine ya ndani inafanya kazi, hakijui kama kuna fimbo ardhini au hakuna. Tesita ya bisibisi nayo isitumike kuthibitisha kwamba waya hauna moto. Kwa hilo tumia kipimo cha volti: gusa mahali unapojua pana moto, kisha kwenye waya wako, kisha rudi pale pa kwanza, ili ujue kipimo hakikufa katikati.

Namba zote ziandike kwenye kitabu chako cha mazoezi. Ile ya fimbo iandike pia kwa kalamu isiyofutika upande wa ndani wa kifuniko cha mein swichi, pamoja na mwezi na mwaka uliopima, ili atakayefungua mwezi wa kumi ajue ya masika ilikuwa ngapi.