Logo yangu kila mtu anaisema kivyake, nimsikilize nani?

SWALI: Shikamoo kaka. Mi ni dizaina, nipo Tabata, nafanya kazi za kujitegemea, mabango, kadi za harusi na matangazo ya mitandaoni. Nimejitengenezea logo yangu mwenyewe, ni herufi S na K za majina yangu zimeshikana ndani ya duara, mguu wa chini wa K nimeugeuza ukawa ncha ya kalamu, rangi inaanzia zambarau inaishia chungwa. Nikaiweka stetasi na nikawatumia watu kadhaa nikawauliza wanaionaje. Wengi wamesema kali, mmoja kasema weka nyekundu, mwingine toa duara, mshkaji mmoja akaniuliza hiyo 8K maana yake nini, halafu kuna dada mmoja ni dizaina wa siku nyingi akaniambia haisomeki na hiyo ncha ya kalamu imeshachoka, kila dizaina anayo. Kusema kweli iliniuma maana nimeikalia sana hii kazi. Sasa nibadilishe au nikomae nayo? Na nikitaka watu wanikosoe vizuri niwaombeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole. Logo ya jina lako mwenyewe mtu akiikosoa unahisi kakukosoa wewe, hilo linampata kila dizaina hata waliobobea, kwa hiyo usijione mnyonge. Hiyo logo uliyoambatanisha nimeifungua kwenye simu, nikaifungua kwenye kompyuta, nikaiprinti na kwenye karatasi ya kawaida, hivyo ninayokwambia hapa ni niliyoyaona kwa macho yangu.

Nianze na huyo mshkaji wako wa 8K kwa sababu ndo kakupa maoni ya thamani kuliko wote na wala hakujua kama anakukosoa. Nilipoiprinti kwa ukubwa wa sentimita moja hivi, S yako ilifunga midomo yote miwili, ule wa juu na ule wa chini, ikawa 8 kabisa. Sababu ni kwamba mistari ya herufi ni minene halafu duara limezibana herufi zikawa ndogo, sasa nafasi nyeupe iliyobaki ndani ya S ni kidogo sana, wino ukitanuka hata kidogo kwenye karatasi inazibika. Na mtu wa leo akiona 8 imekaa na K moja kwa moja akili inaenda kwenye TV za 8K, zile za picha kali. Kwenye kompyuta ukiwa umeikuza imejaa skrini hiyo kitu huwezi kuiona hata ukae nayo mwezi, maana wewe unajua tayari kwamba ni S, jicho lako linasoma unachokijua.

Sasa angalia, yule dada aliposema haisomeki na mshkaji aliposema 8K wamesema kitu kimoja, ila mmoja kasema kitaalamu mwingine kasema kiraia. Na aliyesema toa duara naye yuko humohumo, kwa sababu WhatsApp na Instagram zenyewe zinakata picha ya profaili kwa duara, ukiweka logo ya duara ndani ya duara unabaki na ringi mbili na herufi zimesinyaa katikati. Hao ni watu watatu ambao hawakukaa kikao, kila mmoja kwa njia yake kaelekeza kidole palepale. Hapo hapana mjadala tena mdogo wangu, pana tatizo, rekebisha. Fungua midomo ya S, punguza unene wa mistari, jaribu bila duara uone herufi zinavyopumua.

Ncha ya kalamu ni habari tofauti na nataka uitenganishe. Yule dada kasema kweli kwamba imetumika sana, ukipita kwenye profaili za madizaina wengi utaikuta, lakini kutumika sana sio kosa la kiufundi, ni suala la kwamba haikutofautishi na wengine. Hapo uamuzi ni wako. Mi ningeuliza hivi, ukiitoa hiyo ncha, K inabaki imesimama vizuri? Kama herufi zinasomeka kwanza na ncha inaonekana baadaye kwa anayeitafuta, hainisumbui. Logo ya FedEx, kampuni ya kusafirisha vifurushi, iliyotengenezwa na dizaina Lindon Leader mwaka 1994 ina mshale umejificha kati ya E na x, watu kibao wameiangalia miaka na miaka hawajawahi kuuona na logo inafanya kazi yake vilevile, kwa sababu jina linasomeka bila huo mshale. Yako kwa sasa iko kinyume, jicho linaenda kwenye ncha kwanza halafu ndo linaanza kutafuta herufi.

Huyu wa "weka nyekundu" usimpuuze lakini usimtii. Fundi nguo anajua hili vizuri, mteja akisema gauni linambana kwapani yuko sahihi, mwili ni wake, ila akianza kumwelekeza fundi pa kupitisha mkasi ndo gauni linaharibika. Kwa hiyo mtu akikupa dawa, mrudishe kwenye ugonjwa, muulize kwa upole "nini kimekufanya utake nyekundu?" Anaweza akakwambia haionekani vizuri kwenye simu yake juani, au imepoa, au yeye ni Simba damu tu. Majibu hayo matatu hayafanani hata kidogo, la kwanza ni tatizo la utofauti wa rangi ya logo na usuli, yaani rangi iliyo nyuma yake, la pili linahusu hisia unayotaka kuitoa, la tatu achana nalo.

Na tukiwa hapohapo kwenye rangi, hakuna aliyekwambia hili na mimi nakwambia kama mtu ninayeshinda na watu wa printi. Ile zambarau yako inawaka kwenye skrini kwa sababu skrini inatumia mwanga, RGB (nyekundu, kijani na bluu), ukiipeleka kwenye mashine ya CMYK, ya wino nne za kuchapia, inapoa, utadhani fundi kakuibia wino kumbe ndo uwezo wa wino wenyewe. Halafu rangi zinazoyeyukiana kama zako, ukienda Kariakoo kuchapisha tisheti kwa skrini ya mkono, kila rangi inataka fremu yake, na huo myeyuko lazima uvunjwe kuwa vidoti vidogovidogo, wengi watakukatalia au watakupandishia bei. DTF, ile ya kuprinti kwenye filamu halafu kubandika kwa joto, inaweza, kudarizi kofia ni shida, na muhuri wa ofisi ni wino wa rangi moja tu. Ndo maana logo inaanza na nyeusi kwenye nyeupe. Ikisimama hapo, rangi inakuja kuipamba. Ya kwako nikiigeuza nyeusi tupu ile ncha ya kalamu inapotea ndani ya K kwa sababu ilikuwa inatenganishwa na rangi peke yake.

Sasa wale wote waliosema kali. Wanakupenda, hilo shukuru, lakini kwenye kazi hawajakuongezea kitu, na sababu kubwa ni swali ulilowauliza. Ukimuuliza mtu wa kwetu "unaionaje" huku anajua umeitengeneza wewe, ustaarabu aliolelewa nao haumruhusu kukwambia mbaya. Lazima umpe swali ambalo kulijibu kwa ukweli hakumkoseshi adabu. Muoneshe logo kwa sekunde tano hivi, ifiche, halafu muulize umeona nini, au mpe kalamu achore alichokumbuka. Muulize ukikutana na hii kwenye kadi utadhani huyu mtu anafanya kazi gani. Muulize herufi gani hizi. Hapo hakuna kusifia wala kuponda, kuna kuona tu, na akisema 8K unaandika 8K. Usimweleze maana kabla, ukishamwambia "hii ni S na K na hapa kuna kalamu" umeshamharibu, hawezi tena kuiona kwa jicho jipya, inabidi utafute mtu mwingine.

Kabla ya hapo lakini kuna kitu naona hukukifanya na ndo mzizi wa huku kuyumba. Kazi ya mteja huwa unaanza na brifu, yaani maelezo mafupi ya anachotaka, si ndio? Hii ya kwako ukaruka kwa sababu mteja ni wewe. Kaa chini uandike mistari michache, nataka nani anipe kazi, ni maharusi wa Tabata na Kinyerezi au ni makampuni ya Posta na Masaki, logo itakaa wapi zaidi, kwenye kona ya matangazo ya mitandaoni, kwenye bizinesi kadi, kwenye ankara, na nataka mtu akiiona ahisi nini. Brifu ndo inakupa kipimo. Maoni yanayosaidia yale uliyoandika yanaingia, yasiyohusiana yanakaa pembeni bila ugomvi. Bila brifu kila anayeongea anakuwa bosi, na wengi ni wengi.

Ukimwendea mtaalamu kama yule dada, mtumie na hiyo brifu, mtumie logo nyeusi na nyeupe kwa saizi tatu kwenye ukurasa mmoja, kubwa, ya kadi, na ndogo kabisa ya profaili, halafu muulize kitu mahususi, mfano "K inasomeka kwa saizi ndogo?" au "nafasi kati ya herufi iko sawa?" Dizaina mwenye kazi zake nyingi atakujibu swali la hivyo haraka kuliko "nikosoe". Usimtumie matoleo manane achague, hapo umemgeuza mpiga kura, tuma moja unayoiamini au mbili zenye mawazo tofauti kweli. Na usiishie kwa madizaina, mpelekee na fundi wa printi, atakwambia mstari gani mwembamba utakatika, na muoneshe mtu anayefanana na mteja wako hata kama ni mama mwenye saluni, yule ndo atakulipa.

Akikukosoa, nyamaza kwanza. Najua ni vigumu. Andika maneno yake kama alivyoyasema, muulize "umeliona wapi hilo, nioneshe kwa kidole", mshukuru, basi. Ukianza kujitetea watu wanaacha kusema na wewe ndo unayepata hasara. Usifungue programu zako za kuchorea, Illustrator au Corel, usiku huohuo ukiwa na machungu, lala, kesho soma ulichoandika, hapo utaona lipi limejirudia. Halafu badilisha kitu kimoja kimoja, faili la zamani usilifute, lipe namba, maana kuna mabadiliko utayafanya na kugundua ya kwanza ilikuwa bora.

Uliuliza ukomae nayo au ubadilishe. Wazo la S na K kushikana komaa nalo, pale zinapokutana mgongo wa S na mstari wa K pamekaa vizuri sana na hakuna aliyepasema vibaya, utekelezaji ndo ubadilishe. Na mtu akisema tu "sijaipenda" bila sababu, kumbuka Carolyn Davidson alikuwa mwanafunzi alipoichora alama ya Nike mwaka 1971, akalipwa dola 35, na Phil Knight mwenyewe, mmoja wa waanzilishi wa Nike, mwanzoni hakuipenda sana. Haisomeki ni kosa, sijaipenda ni maoni.

La mwisho, hiyo ncha ya kalamu umeichora mwenyewe au umeidownload? Kama umeitoa kwenye Canva, ile ya kudizaini mtandaoni, ujue masharti yao hayaruhusu kusajili alama ya biashara yenye michoro yao ya maktaba, na ile ile mtu mwingine yeyote anaweza kuitumia. Siku ukitaka kwenda BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kuisajili utakwama, kwa hiyo kama utaamua ncha ibaki, ichore upya kwa mkono wako, iwe vekta (mchoro unaoweza kukuzwa bila kuharibika), itoke kwenye mguu wa K wenyewe isiwe imebandikwa. Ukimaliza nenda steshenari yoyote hapo Tabata, printi nyeusi na nyeupe kwa saizi tatu nilizokwambia, piga picha hiyo karatasi unitumie pamoja na brifu yako. Rangi usiiguse kwanza.