Rafiki asihutubu

Shoga, umeuliza mkulima wa mwani kwenye riwaya yako ataanzaje kujiamini kwa sababu ya rafiki yake, bila ya kitabu kugeuka mawaidha. Mpunguzie rafiki maneno. Kilimo hicho kimeshika Paje na Jambiani, vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, tangu 1989, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa sana, yakipwa hukaa pamoja saa kadhaa wakifunga mwani kwenye kamba, mbali na mume na mama mkwe. Urafiki uweke hapo.

Siku ya kuuza, mkulima wako aulize bei kwa sauti ndogo, mnunuzi ajifanye hakusikia. Rafiki asimjibie! Amtazame tu mpaka aulize tena. Safari nyengine rafiki achelewe. Halafu ije siku asiyotokea kabisa, na mizani isomwe vibaya, mkulima wako akiwa peke yake.

Rafiki naye apewe yake: deni la upatu, hata kijiwivu mwenzake anapoanza kusikilizwa. Mwema mwanzo mpaka mwisho anachosha, na mtaani kwetu hatumjui. Ile sura ya riwaya yako wanayoliliana barazani mimi ningeifuta.